Kaseti ya Kumi na Mbili

Mjomba alikuwa na kaseti 12, na harusi zote za ukoo wetu katika kambi ya kampuni ya madini ya Gécamines, pale Panda mjini Likasi, zilichezwa kwa hizo. Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kurudisha utepe kwa kalamu, ili betri za redio zisiishe kabla ya keki.

Mpangilio ulijulikana. Maharusi waliingia kwa rumba ya Franco, taratibu, msafara mzima ukiyumba nyuma yao. Wazee wakafungua dansi. Sisi watoto tulingoja sebene, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa kuanza kukimbizana. Nkambo, mzee wetu, hakujua Lingala. Aliketi na soda yake mpaka mjomba atie Mwenda Jean Bosco. Huyo alikuwa wetu. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi hapa hapa mwaka 1952, mji ukiitwa bado Jadotville: mtu mmoja, gitaa moja, nawe ungeapa yanapigwa mawili, na maneno ni Kiswahili. Hapo nkambo aliinuka.

Kaseti ya mwisho haikuwa na jina juu yake. Ndani alikuwemo mwimbaji Tshala Muana. Ilikuwa mali ya mkaza mjomba, Mluba wa Kasai, na ilipoanza tu, yeye na dada zake walikaza vitenge viunoni wakacheza mutuashi. Sisi upande wa Wasanga tuliwaiga vibaya. Wakatushika nyonga na kutufundisha.

Mwaka 1992 watu wa Kasai walianza kufukuzwa Likasi. Wengi walizaliwa hapa, wajukuu wa wanaume ambao kampuni ya Union Minière iliwaleta kufanya kazi ya shaba. Walilala kituoni kwa wiki, kwa miezi, wakingoja treni. Wengine walifia pale pale. Mkaza mjomba aliondoka na binti yake mchanga. Mjomba alibaki na mtoto mkubwa na kazi yake. Harusi iliyofuata ilichezwa kwa kaseti 11, na hakuna aliyeuliza. Hata mimi, niliyezijua kaseti zile kwa kuzipapasa gizani, sikuuliza. Linaniuma mpaka leo.

Mjomba alipochoka, muziki ukawa wangu. Zikaja sidii na Wenge Musica, kisha flashi, kisha simu na Fally Ipupa. Sasa bibi harusi hunitumia orodha kwa WhatsApp. Vijana hawana subira na ile sehemu ya kuimbwa. Wanataka sebene tangu dakika ya kwanza, nami huwakatalia, kwa sababu miguu isiyosubiri haichezi vizuri. Umeme ukikatika, tunawasha jenereta.

Miezi kadhaa baada ya Tshala Muana kufariki, Desemba 2022, yule binti aliyebebwa mgongoni akarudi kuolewa Likasi. Mama yake alikuja naye. Orodha niliyopewa haikuwa na mutuashi. Nadhani binti aliogopa kuomba, na mimi niliogopa kumuuliza.

Nilipiga wimbo wa Mwenda kwanza, kwa ajili ya nkambo aliyekwisha kwenda zake. Kisha, bila idhini ya mtu, nikatia wa Tshala Muana.

Ukumbi ulitulia. Mkaza mjomba alitazama spika kwa muda, kisha akaegemeza fimbo yake ukutani. Alikuwa na gauni tu, hana kitenge cha kujifunga. Shangazi yangu mkubwa, ambaye hakwenda kumuaga kituoni mwaka ule, aliinuka, akavua kitenge mabegani mwake, akapiga magoti na kumfunga mwenyewe kiunoni. Hawakusemezana. Walicheza wawili, polepole, kama magoti yao yalivyoruhusu, kisha upande wetu wote ukaingia, wakubwa kwa watoto, vibaya kama zamani.

Niliurudia wimbo ule mara tatu. Ya nne jenereta ilianza kukohoa, vijana wakakimbilia mafuta.