Pleya ya kubeba kaseti 340 za Mzee

Jamani, kuna watu wananunua gari kwa siku mbili. Mimi nimetumia miezi saba kuchagua kidude cha kusikilizia muziki, tena si changu. Ngoja niwasimulie, maana najua wapo wenzangu wenye ugonjwa huu.

Mzee wangu anaishi Morogoro. Ana kaseti 340, nimezihesabu mwenyewe. Nyingine alinunua, lakini nyingi alirekodi redioni enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, kidole kikiwa juu ya kitufe akimsubiri mtangazaji anyamaze. Kila jalada ameliandika kwa wino wa bluu: bendi, wimbo, na mara nyingine tarehe. Kisha presha ya macho ikamwingia. Jicho la kulia limekwenda, la kushoto linaona vivuli. Siku hizi anachukua kaseti yoyote inayokuja mkononi, anaiweka, anasikiliza kilichomo. Siku moja nilifika saa nne nikamkuta anatafuta wimbo mmoja tangu alfajiri. Kaseti zimemzunguka sakafuni kama mtu anayeanika dagaa. Hakulalamika. Alisema tu, "Nao utakuwa humu humu."

Basi nikaanza kuzihamishia kwenye kompyuta. Kama hujawahi kufanya kazi hii, jua kwamba haina njia ya mkato: kaseti ya dakika 90 inachukua dakika 90. Deki, waya, laptopu, unakaa unasubiri. Jumla ilikuwa kama saa 425, nikizifanya usiku baada ya kutoka chumba cha habari. Karibu miaka miwili.

Ukubwa sasa. Dakika moja ya MP3 ya kbps 128 ni kama MB 1, kwa hiyo kaseti zote zingeenea kwenye GB 25 hivi. Kwa kbps 320 ni GB 61. Mimi nilihifadhi kwa FLAC, ambayo haipotezi chochote kwenye sauti iliyorekodiwa, nikaishia GB 140. Ukiongeza CD zake 160 tunafika GB 190. Utaniuliza, kaseti iliyorekodiwa redioni, yenye mvumo kama mvua kwenye bati, FLAC ya nini? Ya kuhifadhi. Sitarudia saa 425 nyingine, na kaseti zenyewe zinazeeka.

Swali likawa: Mzee atabebea nini hizo GB 190?

Wa kwanza kufukuzwa alikuwa simu. Kioo cha kugusa kwa mtu asiyeona ni ukuta tu. Najua simu zinaweza kusoma maandishi kwa sauti, na nilimjaribisha. Alipiga watu watatu bila kujua, mmoja wao mchungaji. Muziki wa kwenye intaneti nao haukukaa: achilia mbali gharama ya bando, alichorekodi Mzee redioni hakipo huko, na sauti ya mtangazaji katikati ya nyimbo ndiyo nusu ya utamu wake.

Kuna zile redio ndogo za flashi ambazo kila fundi cherehani anayo. Kusema kweli nazipenda. Zina vitufe vya kushika, bei nafuu, mlio mkubwa. Lakini nyingi hazijui FLAC, na nyingi hupiga nyimbo kwa mpangilio ule ule ulivyozinakili. Kwa nyimbo 80 sawa. Kwa maelfu, Mzee angebofya kitufe cha mbele mpaka Eid.

Nikahamia kwenye pleya za kisasa. FiiO na Sony wanatengeneza nzuri sana, zinapokea kadi ya microSD, zinacheza FLAC, na sauti yake itakufanya uone hedifoni zako za zamani zilikuwa zinakudanganya. Kama ningekuwa najinunulia, hadithi ingeishia hapa. Lakini karibu kila niliyoitazama ilikuwa kioo kitupu na vitufe vitatu vinne pembeni. Watengenezaji wanadhani kila mwenye muziki mwingi ana macho mazima.

Hapo katikati nilifanya upumbavu, nauandika ili usiufanye. Nilinunua memori kadi ya "GB 512" kwenye duka moja mjini kwa bei ambayo ingetakiwa kunishtua. Nikanakili nyimbo zote, majina yote yakaonekana. Laptopu ilikuwa imejaa, nikafuta folda mbili ili nipate nafasi. Baada ya siku tatu nikagundua kwamba kadi ile ilikuwa na GB 32 za kweli; iliyobaki ilikuwa majina bila sauti. Folda moja niliirekodi upya. Kaseti ya folda ya pili ilikatika ndani ya deki wakati wa kuirudia, utepe ukasagika. Ilikuwa ya bendi ya mtaani kwao, haipo popote pengine. Bado sijamwambia Mzee. Ukinunua kadi, kabla ya kuweka chochote, ijaribu kwa programu ya H2testw au F3. Zote ni za bure, zinaijaza kadi yote kisha zinasoma kama kilichoandikwa kipo. Na usifute nakala ya kwanza. Mimi sasa ninazo mbili, kwenye diski mbili, katika nyumba mbili.

Jibu lililokuja ni kitu ambacho kiliacha kutengenezwa mwaka 2014: iPod Classic. iPod ya kwanza, Oktoba 2001, ilikuwa na diski ya GB 5, nyimbo kama 1,000. Classic ya mwisho ilifika GB 160. Ina gurudumu mbele ambalo kidole gumba kinalijua hata gizani, na tundu la hedifoni la kawaida. Nilipata moja iliyotumika ambayo diski yake imekufa, kwa bei ya chakavu. Kuna kipande kidogo kinachokaa mahali pa diski na kupokea kadi, nikaweka ya GB 256 (niliyoijaribu usiku kucha!). Kuifungua ndiyo shughuli. Bamba la nyuma ni la chuma na limebanwa kwa meno madogo madogo, nililipinda kidogo na linaonekana. Waya wake wa chaji pia ni wa aina ya zamani yenye pini 30, ukiuona nunua miwili.

Lakini iPod kwa programu yake ya asili haichezi FLAC, inakulazimisha kupitia iTunes, na inapanga kila kitu kwa jina la msanii lililoandikwa ndani ya faili. Hapa ndipo ningependa mwenye nyimbo nyingi asimame. Tunabishana kuhusu sauti na GB, kumbe kinachoamua ni namna ya kuufikia wimbo. Nilikuwa na nyimbo mamia zilizoitwa "01", "02", "03". Pleya hata ya milioni mbili ingefanya nini na hizo?

Ndipo nikaweka Rockbox. Hii ni programu huria, watu wamekuwa wakiitengeneza tangu 2001, walianzia kwenye pleya za Archos. Inachukua nafasi ya programu ya asili, inacheza FLAC, unanakili mafolda moja kwa moja kama kwenye flashi. Na inaongea. Ukizungusha gurudumu, kila mstari unaofika unasomwa kwa sauti. Kizuri zaidi, unaweza kurekodi sauti yako ukitaja jina la folda, ukaigeuza kwa umbizo inaloelewa, ukaiweka ndani ya folda hiyo. Mzee akifika hapo, anakusikia wewe.

Basi nikajifungia chumbani, blanketi dirishani kuzuia honi za bodaboda, nikasoma mafolda 212 mojamoja. "Marijani Rajab." "Mbaraka Mwinshehe, kaseti ya kwanza." Siku zote nasoma maandishi ya watu wengine kwenye kipaza sauti, lakini ile ilinishinda mara mbili ikabidi nitoke nje kidogo.

Jumamosi iliyopita nikapanda basi. Nikamwekea hedifoni, nikamshika kidole gumba nikakiweka kwenye gurudumu. Akazungusha taratibu. Akacheka aliposikia sauti yangu. Akazungusha tena, akarudi nyuma, akaenda mbele, uso ukakunjamana.

"NUTA Jazz umeiweka huku," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na JUWATA umeiweka kwingine. OTTU kwingine. Msondo Ngoma nayo kivyake."

"Ndivyo ulivyoandika kwenye majalada."

"Mwanangu, hiyo ni bendi moja! Chama cha wafanyakazi kilibadilisha jina, wao wakabadilishwa nalo. Wewe mwandishi wa habari gani?"

Nikanyamaza. Akaendelea kuzungusha, akanitajia makosa mengine manane, mawili nikayabisha nikashindwa. Kisha akapata wimbo aliokuwa anautaka. Sijui kama ndio ule wa siku ile, sikumuuliza. Aliuacha umalizike, na sauti ya mtangazaji ilipoingia akainua kidole ili nisiongee.

Orodha ya mafolda ya kurekodi upya ninayo hapa, ni 23. Jumamosi hii narudi, na nitamwambia pia habari ya ile kaseti.