Mtaro Ule ni wa Nani

Mwaka jana nililipwa shilingi elfu sita kuandika ripoti ya kikao kimoja hapa Malindi. Kikao cha wadau. Kama hujakaa pwani huenda neno hili hulijui vizuri: mdau ni mtu anayekaa mbele, na chupa ya maji mezani na kitambulisho shingoni. Mjomba wangu, anayevua tangu kabla sijazaliwa, alikaa nyuma kwenye benchi. Sijui yeye alihesabiwa kama nani.

Mada ilikuwa mtaro. Upo karibu na pale wavuvi wanapoteremsha samaki, na mvua ikinyesha unamwaga mji mzima ufuoni: chupa, makumbi ya madafu, viatu vya mguu mmoja, nepi za watoto. Nepi ndizo mbaya. Zikilowa huwa nzito kama mawe. Wiki moja kabla ya kikao, Mjomba alitoa kwenye jarife lake nepi kumi na moja na tafi wanne. Alizihesabu. Nilikuwa nimekaa naye tukishona nyavu, yaani yeye anashona mimi nampa uzi, akaniambia, "Wewe si ndiye mwandishi? Kaandike hivyo. Kumi na moja kwa nne."

Ukitaka kujua bahari ya Malindi ni ya nani, jiandae kuchoka. Hifadhi ya baharini upande wa kusini wa mji, iliyotangazwa 1968, inasimamiwa na KWS. Bandari ndogo kama yetu ziko chini ya Mamlaka ya Bandari, makao yake Mombasa. Usalama wa vyombo ni kazi ya KMA. Mikoko ni ya KFS. NEMA inaangalia mazingira yote kwa sheria ya 1999. Wavuvi wako ndani ya BMU, vikundi vya kusimamia fuo ambavyo kanuni zake zilitoka 2007. Kuzoa taka, kwa Katiba ya 2010, ni jukumu la kaunti, na makao ya kaunti yako Kilifi mjini, mwendo wa kama kilomita 60. Hata ule mnara wa Vasco da Gama una mwenyewe, ni wa Makumbusho. Mreno aliyepita hapa siku chache Aprili 1498 ana ofisi inayomtunza hadi leo. Mtaro, kila mtu aliyesimama siku ile alikuwa na sababu nzuri kwa nini si wake.

Na hayo ni ya mjini tu. Kuna mto. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi ikikutana na Tsavo inaitwa Galana, na ikikaribia bahari, kaskazini kidogo ya Malindi, sisi tunaiita Sabaki. Kwa hiyo wewe unayesoma haya ukiwa Kayole, tunajuana zaidi ya unavyodhani. Kaskazi ikianza kuvuma, Novemba hivi, na kule bara kumenyesha, maji ya mto yanasukumwa kusini hadi kwenye ghuba yetu na bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo wa mashamba ya watu. Wazee watakuonyesha mahali ambapo mawimbi yalikuwa yakifika zamani, na sasa ni mchanga mtupu, unatembea mpaka unatoka jasho ndipo ulowe miguu. Siku ya kikao hakukuwa na mdau hata mmoja kutoka huko juu.

Waliokuwapo walizungumza vizuri, sitawasingizia. Wengine wanaijua bahari kunishinda mbali. Halafu Mjomba akanyoosha mkono. Akasimama, akavua kofia. "Mimi nina swali moja tu, waheshimiwa. Kesho asubuhi, nani anakuja na koleo?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akashukuru kwa mchango mzuri. Tukaenda kula pilau.

Mimi niliandika lile swali kwenye ripoti, neno kwa neno. Jioni aliyenipa kazi akapiga simu. Hakuwa mkali. Akasema swali halikai vizuri, wafadhili watasoma, je, siwezi kulisema kwa njia nyingine? Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, naishi kwa kuandikia watu, na kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa siku tisa. Nikafuta. Nikaweka: "Wadau walikubaliana kuimarisha ushirikiano." Pesa ikaingia kwa simu kabla ya isha.

Sisemi kwamba ushirikiano ni uongo. Kule Kuruwitu, upande wa Vipingo, wavuvi waliochoka kuona bahari yao ikikauka samaki waliunda chama 2003, na miaka miwili baadaye wakatenga kama hekta 30 zisivuliwe kabisa. Matumbawe yakapona, samaki wakarudi, na serikali ikaja kuwaunga mkono wakiwa tayari wameanza. Nilimsimulia Mjomba nikidhani nampa moyo. Akasikiliza mpaka mwisho. "Wao walifunga bahari," akasema. "Sisi tufunge nini, mji?"

Ripoti nilimsomea mwenyewe, kwa aibu, barazani kwake. Nilipomaliza akauliza, "Na swali langu?" Nikamwambia limekatwa. Nani kalikata? Mimi. Akanyamaza kidogo. "Walikulipa ngapi?"

"Elfu sita."

"Imebaki?"

Kodi ilikuwa imeila karibu yote. Ilibaki elfu moja na mia kadhaa. "Basi kanunue koleo," akasema.

Yangu ilitosha koleo moja, la pili tukaazima. Jumamosi, mimi, yeye na vijana wawili wa chombo chake tulizibua mtaro kuanzia alfajiri mpaka jua lilipotushinda. Mnamo saa nne alikuja bwana mmoja mwenye jaketi la kazi, akatusalimia kwa adabu, akauliza kama tuna kibali. Nikamuuliza kibali kinatolewa na ofisi gani. Akasema ataulizia.

Taka tulizozitoa tulizirundika pembeni, zikafika kiunoni. Hatukuwa na gari la kuzibeba. Jumatano mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi rundo lilikuwa limebaki nusu. Mjomba hakwenda baharini siku hiyo.