Ngome za Ukambani hazina kuta

Bila shaka umewahi kuiona ile kalenda. Huning'inizwa katika vibanda vya vinyozi, madukani na nyuma ya milango ya jikoni, hata mwaka wake ukiwa umepita zamani. Juu kuna picha ya kasri la Ufaransa lenye minara iliyochongoka kama kofia, chini yake mto mtulivu, na ubavuni kijiji cha mawe kimeng'ang'ania mlima. Yetu ilikuwa jikoni, na kijana wangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa akiitazama kila asubuhi akinywa chai.

Siku moja akauliza, "Baba, na sisi tulikuwa na ngome?"

Nikamweleza habari za Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa kujengwa mwaka wa 1593. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hiyo ni ya Wareno. Nauliza yetu." Mimi niliye na kazi ya kuandika nikabaki nikikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka.

Ndipo likizo ya Agosti ilipofika tukafunga mizigo, tukaenda kulitafuta jibu huko kwetu, katika kaunti za Makueni na Kitui.

Kabla hatujaondoka, nikuombe uitazame tena ile kalenda. Mfaransa wa kale hakupanda mlimani ili apigwe picha. Alipanda kwa sababu huko juu adui alionekana mapema, na mwenye kupanda kuja kumvamia alifika akihema. Mtwana alilima bondeni, na hatari ilipotokea akakimbilia ndani ya kuta za bwana wake. Mji wa Carcassonne, kusini mwa Ufaransa, una kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na minara 52. Wageni wanaoushangaa leo wengi hawajui kwamba mwaka wa 1849 serikali iliamua kuta zile zibomolewe, kwa kuwa zilikuwa zimechakaa na hazikuwa na kazi tena. Wenyeji ndio waliokataa. Ukarabati ulianza mwaka wa 1853 chini ya msanifu Viollet-le-Duc. Ushike huo mwaka wa 1849, msomaji, maana tutaukuta tena Kitui.

Sisi tulishuka Emali, kwenye barabara kuu ya Mombasa. Ukipenda reli, ile treni ya kusimama njiani iliyoanza mwaka wa 2017 itakufikisha hapo pia. Kutoka Emali ukishika njia ya Wote utauona mlima wa Nzaui umesimama peke yake kama mzee aliyekasirika, upande mmoja ukiwa mwamba mtupu uliokatika wima. Masimulizi ya Wakamba yanasema Mulungu aliwashusha watu wa kwanza juu ya mlima huu, na kwamba alama zilizo kwenye mwamba wake ni nyayo zao na za mifugo wao. Mzee tuliyemkuta njiani alitusimulia hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni la jirani. Kijana wangu akauliza kama ng'ombe nao walishushwa kutoka mbinguni. "Ungekula nini?" mzee akamjibu.

Chini ya mlima huohuo ndipo Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipofungua kituo chao cha kwanza mwaka wa 1895. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, Scott akafa kwa homa. Kanisa la AIC unaloliona karibu kila soko la Ukambani lilichipuka hapo.

Wanahistoria hawabishani sana na masimulizi ya wazee, ila wao huanza safari mbali zaidi. Wanasema mababu wa Wakamba walitoka upande wa Kilimanjaro, wakapita karibu na milima ya Chyulu, wakafika Nzaui, kisha yapata karne ya 17 wakapanda na kufanya makao milima ya Mbooni. Jina lenyewe linahusishwa na mbogo, ambaye Wakamba humwita mboo. Kwa nini wapande huko wakati nyanda zilikuwa wazi? Sababu ni zilezile za Mfaransa, na moja zaidi. Mbooni kuna mvua. Bondeni kulikuwa na ukame, na kulikuwa na vijana wa Kimaasai waliotamani ng'ombe wa watu. Mlimani ulipata maji, ukapata mtama, ukalala.

Basi tukapanda nasi. Matatu iliyotuahidi kutufikisha Kikima ilitushusha njiani kwa sababu ambayo utingo hakuona haja ya kuitaja, tukamalizia kwa pikipiki. Kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyotuuma. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba saa nne mchana. Huku ndiko anakoishi nyanya yangu, mama mzaa baba, ambaye sisi humwita susu. Umri wake haujulikani hasa, maana kitambulisho chake kilikadiriwa na karani.

"Wakya?" akamwamkia kitukuu chake.

"Aa," kijana akaitikia, na hapo Kikamba chake kikaishia.

Nilipomweleza susu swali lililotuleta alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akachukua fimbo yake, akatutoa nje hadi penye tangi la plastiki la kuvunia maji ya mvua, akagonga chini mara mbili. "Hapa," akasema. "Thome ya baba mkwe wangu ilikuwa hapa."

Msomaji wa mjini, thome ni uwanja uliokuwa nje ya lango la boma. Wanaume waliketi hapo jioni wakiota moto, wakiamua kesi na kupanga misafara, na kila aliyeingia au kutoka ilibidi awapite. Wavulana walijifunza hapo ukoo wao na mipaka ya shamba, na kila tusi lililowahi kumgharimu mtu mbuzi. Maboma kadhaa yakikaribiana yalifanya utui, yaani kijiji chenye wazee wake. Hapakuwa na bwana wa kasri. Lango lilikuwa la miiba, na thome ndiyo iliyokuwa mnara wa mlinzi.

"Mimi sikuruhusiwa kuketi," susu akaendelea. "Mwanamke alileta chakula akarudi. Lakini nilikuwa narudi polepole." Akaanza kumtajia kijana majina ya waliokaa pale, nani upande gani wa moto, nani alikuwa kiziwi, nani aliuza shamba. Nikatoa kalamu. Baada ya jina la tisa akanyamaza, akatazama tangi, akasema la kumi limempotea. Tulingoja. Halikurudi. Wenye umri wake mlimani hapo wamebaki wawili, na mmoja hasemi tena.

Nakiri kwamba miaka yote niliyolala katika boma lile nilikuwa nanawa uso juu ya thome bila kujua.

Alasiri tukatembea mashambani. Hapa ndipo nilipomwonyesha kijana wangu ukuta. Mlima wa Mbooni umekatwa matuta kutoka juu hadi chini kama ngazi ya majitu, na ukisimama ng'ambo utaona mistari yake imezunguka mlima wote. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kilimo wa Kiingereza waliandika kwamba nchi hii inageuka jangwa la mawe na mchanga, kwani udongo ulikuwa ukioshwa hadi mito ya Athi na Tana. Wakalazimisha watu kuchimba. Watu walichukia kulazimishwa, na mwaka wa 1938 waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kupinga kupunguzwa kwa mifugo. Lakini baadaye, kwa vikundi vyao vya mwethya, akina mama wakiwa wengi, walichimba kwa hiari yao kuliko walivyowahi kuamrishwa. Unachimba mtaro, unautupa udongo upande wa juu, unapanda nyasi, na miaka inapita tuta linakuwa bapa lenyewe. Wataalamu wa kilimo wa nchi za mbali huliita tuta hilo "fanya juu", kwa Kiswahili hichohicho chetu. Susu alichimba na mtoto mgongoni. Huyo mtoto alikuwa baba yangu.

Kesho yake tukateremka hadi barabara ya Machakos na Kitui, tukavuka Athi kama walivyovuka mababu karne ya 18 mlima ulipowajaa. Kitui ni nchi nyingine. Jua ni kali, udongo mwekundu, mibuyu imesimama uchi, na asali inauzwa barabarani kwenye chupa. Jina la mji husemwa kuwa limetokana na wahunzi. Mvua ikiwa haba, watu wa huku waligeukia uwindaji na biashara, wakawa ndio wanaosafirisha pembe za ndovu hadi pwani. Mkubwa wao alikuwa Kivoi wa Mwendwa.

Sasa utoe ule mwaka. Desemba 3, 1849, Carcassonne ikingoja kubomolewa, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi. Mbingu zikatakata, akauona mlima wenye theluji na vilele viwili kama pembe. Wenyeji walikuwa wakiuita Kiinyaa, jina ambalo wengi hulieleza kwa mbuni dume, mweusi mwenye manyoya meupe. Krapf akaandika Kenia. Ulaya baadhi ya wasomi walimcheka, eti theluji karibu na ikweta! Mwaka wa 1851 akarudi, akasafiri na Kivoi kuelekea mto Tana, wanyang'anyi wakawavamia na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake, akabeba maji katika mitutu ya bunduki na katika mfuko wa ngozi wa darubini yake. Mwaka wa 1920 koloni likapewa jina la mlima ule. Kwa hiyo jina lililo kwenye kitambulisho chako, msomaji, lilipita kwanza katika kinywa cha Mkamba wa Kitui.

Tukaamua kwenda kutazama alichokitazama. Karibu na mji wa Kitui kuna jiwe la Nzambani, mwamba mkubwa uliochomoza ghafla, wenye ngazi ya chuma hadi kileleni. Hadithi moja husema ni msichana aliyegeuka jiwe. Nyingine, ambayo utaisikia kabla hata hujashuka garini, ni kwamba ukilizunguka mara saba mwanamume huwa mwanamke na mwanamke huwa mwanamume. Kijana wangu alikataa kabisa kulizunguka hata nusu.

Ngazi ile si ya mwenye moyo mwepesi. Tulipanda alfajiri, tukafika juu jua likichungulia, tukaona nyika ikienea hadi uwanda wa Yatta uliolala kama meza ndefu. Tukageuka kaskazini magharibi. Mawingu. Tukangoja hadi saa tatu, tukala mahindi na njugu, mawingu yakabaki palepale.

"Lakini uko," kijana akasema.

"Uko."

Akatoa daftari lake la shule. Nilidhani anachora mlima, kumbe anaandika yale majina tisa, kila moja mahali pake kuzunguka moto, na nafasi moja ameiacha wazi. Tumekubaliana kurudi Desemba, pengine susu atakuwa amelikumbuka.

Ukienda Mbooni mwezi wa Agosti, chukua sweta. Ukienda Nzambani, chukua maji ya kutosha, na panda mapema kabla chuma hakijapata moto.