Hodi ya Mgeni na Mbwa wa Mlangoni

Katika mtaa wa Kapsoya, mjini Eldoret, ni nadra mtu kupita njia nzima asione geti la bati lililoandikwa kwa rangi nyekundu maneno mawili: "Mbwa Kali". Walimu wa Kiswahili husema kwamba yafaa kuandikwa "Mbwa Mkali". Lakini mgeni aliyesimama nje hana nafasi ya kusahihisha sarufi. Yeye hutazama komeo tu, kama limefungwa au la.

Nyuma ya geti moja kama hilo hukaa karani mmoja pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Baada ya kuibiwa kuku usiku mmoja, alipewa mtoto wa mbwa na rafiki yake, akamwita Simba. Mbwa akakua upesi, akawa na kifua kipana na sauti nzito. Kila aliyegonga geti, awe muuza maziwa, msomaji wa mita ya maji, au mwenye bodaboda aliyeleta mtungi wa gesi, Simba alilirukia geti hata bati likatetemeka kwa makucha yake. Bwana yule alifurahi sana. Kazini aliwaambia wenzake kwamba sasa nyumba yake ina askari asiyelala.

Hakutambua kwamba baraka za nyumba zilikuwa zikipungua. Watoto wa majirani waliacha kuja kucheza. Wanawake wa chama cha mkewe walihamisha mkutano wao mahali pengine. Jirani mwenye haja alipiga simu kutoka njiani, "Nipo nje, mfungeni mbwa kwanza," na wengine hawakupiga simu wala hawakuja. Tena, kwa kuwa Simba alibweka mchana kutwa na usiku kucha, hakuna aliyeinua kichwa kwa ajili ya sauti yake. Kengele iliayo saa zote haimwamshi mtu.

Ndipo Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, mama yake mzazi akafika kutoka upande wa Iten bila kutoa habari. Mkononi alichukua kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando yaliyotiwa masizi ya mti, ambayo kwa Wakalenjin si kinywaji tu bali ni heshima apewayo mtu apendwaye. Mtoto mdogo alisikia sauti ya bibi yake, akakimbia kufungua geti kabla mkubwa yeyote hajatoka. Simba akapita kama mshale. Mama akaanguka matopeni, kibuyu kikapasuka, na jino la mbwa likamkwaruza mkono.

Hapo bwana yule alifanya jambo moja la busara. Alilikosha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha akampeleka mama hospitali siku ile ile, ijapokuwa Simba alikuwa amechanjwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili zake kwa mtu, karibu kila mara humwua. Lakini sindano zikipigwa mapema humwokoa. Kwa sababu hiyo Kenya iliweka mwaka wa 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huo ifikapo mwaka wa 2030, na nguzo yake kubwa ni kuwachanja mbwa, angalau 70 katika kila 100.

Mkono ukapona. Lakini moyo hauna sindano yake. Mama alipopanda matatu ya kurudi kwake alisema maneno machache tu: "Mwanangu, nitakuja tena siku mbwa wako atakaponipa ruhusa." Miezi miwili ikapita, asije.

Washauri hawakukosekana. Mmoja alisema mbwa apigwe fimbo kila abwekapo. Wa pili alisema afungwe mnyororo mfupi. Wa tatu alisema atiliwe sumu, yaishe. Bwana alikaribia kumsikiliza huyu wa tatu, lakini watoto walilia, akaona haya. Mwisho akamwendea mzee mmoja wa mtaani, aliyestaafu katika kazi ya kutibu mifugo.

Mzee alikuja, akakaa kitini, akamtazama mwenye mbwa kabla ya kumtazama mbwa.

"Simba akibweka, wewe hufanya nini?"

"Humkemea, Mzee, kwa sauti kubwa."

"Naye husikia nini? Husikia kwamba bwana wake pia anabweka. Basi huongeza bidii."

Kisha akamweleza jambo la pili. Mwenye bodaboda hufika, huacha mzigo, huenda zake, kwa kuwa kazi yake imekwisha. Lakini mbwa hajui habari za mzigo. Kwa maoni yake yeye, alibweka na adui akakimbia. Kila siku ameshinda vita, na ashindaye kila siku hana sababu ya kuacha vita. Tena mbwa asiyewaona watu ila kwa tundu la bati humhesabu kila mgeni kuwa hatari. Kumpiga si dawa, maana atajifunza kwamba mgeni akija, maumivu huja pamoja naye. Na hapo atamchukia mgeni zaidi.

Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula mwilini, alionyesha kwamba mbwa akizoea kusikia sauti fulani kabla ya kulishwa, mwisho hudondokwa na mate kwa kuisikia sauti ile peke yake. "Basi hodi nayo ni sauti," alisema mzee. "Leo kwa Simba maana yake ni vita. Kazi yako ni kuibadili maana hiyo."

Mafundisho yakaanza kesho yake, wala hapakuwa na mgeni. Gunia lilitandikwa barazani, mbali na geti. Simba aliongozwa kwa kamba mpaka hapo, na kila alipolala juu yake akapewa kipande kidogo cha matumbo yaliyochemshwa. Somo lilikuwa la dakika chache tu, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, maana mbwa huchoka kujifunza kama mtoto achokavyo. Baada ya juma moja, neno "Gunia!" lilitosha.

Juma la pili mke wa bwana akasimama nje, akagonga geti mara moja, polepole. Simba akainua masikio. Kabla hajabweka akapewa nyama yake. Akagonga tena, kwa nguvu kidogo zaidi, akasema, "Hodi!" Mbwa alipobweka hakupigwa wala hakukemewa. Bwana alinyamaza, nyama ikafichwa, mgongaji akapunguza sauti, wakaanza upya. Geti halikufunguliwa mpaka mbwa amelala kimya. Likafunguliwa kiasi cha kiganja, siku nyingine nusu, siku nyingine lote, na kamba ikawa mkononi daima. Watoto nao walipewa amri: mtu asifungue geti kabla mkubwa hajamshika mbwa.

Juma la tatu bwana aliharibu kazi mwenyewe. Ndugu yake alikuja ghafula, naye kwa haraka akaacha kamba, akafungua geti, na Simba aliporuka akampigia kelele kama zamani. Mzee aliposikia alicheka. "Mbwa hakusahau," akasema. "Wewe ndiwe uliyesahau." Wakarudi nyuma hatua mbili.

Baadaye majirani waliombwa kusaidia. Waliambiwa wasimkazie mbwa macho wala wasimnyoshee mkono kichwani, bali wasimame upande upande na kuzungumza na mwenyeji kana kwamba mbwa hayupo. Kila alfajiri bwana alimtembeza Simba kwa kamba katika njia za Kapsoya, apate kuwaona watu wakienda kazini na shuleni, ajue kwamba si wote wanaokuja kuiba kuku. Kazi hiyo ilichukua miezi minne.

Wako waliomwonya kwamba mbwa mpole hafai kulinda. Jibu lilikuja usiku mmoja baada ya mavuno ya mahindi. Simba, ambaye sasa hubweka mara chache, alibweka kwa sauti ambayo watu wa nyumba hawakuisikia kwa muda mrefu. Wote wakaamka, na taa za majirani zikawaka. Mtu aliyekuwa akifungua mlango wa banda la kuku aliruka ukuta akatoweka gizani. Zamani angaliweza kuwachukua kuku wote mbwa akibweka, na mwenye nyumba angalijifunika blanketi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mlinzi wa nyumba ni yule ajuaye kumbagua mgeni na mwizi, na elimu hiyo mbwa hazaliwi nayo. Huipata kwa uvumilivu wa bwana wake.

Mwezi wa Desemba bwana alikwenda mwenyewe Iten kumchukua mama yake. Walipofika, mama alikataa kuingia pamoja naye. Alimtuma atangulie ndani, akabaki nje na kibuyu kipya kwapani, kisha akagonga bati.

"Hodi!"

Simba akasimama, akamtazama bwana wake, akaenda kulala juu ya gunia. Geti likafunguliwa. Mama akapita polepole, akaketi barazani, akamimina maziwa katika vikombe. Akamtazama mbwa, akamtazama na mwanawe.

"Kumbe," akasema, "waliokuwa wakifundishwa ni wawili."

Kesho yake bwana akachukua rangi, akafuta yale maneno mawili getini, akaandika mengine: "Mbwa yupo. Piga hodi, ungoje."