Sehemu ya 9: Nilicheza, nikasahau masikio ya mwanangu

Nesi wenu nimerudi. Leo sianzi na mgonjwa wa wodini, naanza na kosa langu mwenyewe.

Mnajua naishi London, na tangu nijifungue nilikuwa sitoki. Usiku kazi, mchana mtoto, basi. Miezi minane. Siku moja mume wangu akasema, "Mama Nuru, Jumamosi tunatoka wote, kuna muziki bustanini." Nikalia. Hata sikujua nalia nini.

Ulikuwa muziki wa Ethiopia, ile jazi ambayo baba yake ni Mulatu Astatke. Mzee huyu alizaliwa Jimma mwaka 1943, akasomea muziki Uingereza na Marekani, kisha akachanganya jazi na nyimbo za kwao zenye ngazi ya sauti tano. Bendi ya siku ile iliongeza fanki, na pembeni DJ wa hip-hop alikuwa anakwaruza santuri. Gitaa la besi linatembea, saksafoni inalia kama mtu aliye mbali na kwao. Waethiopia wana neno "tizita": ni jina la mpangilio mmoja wa sauti, na pia maana yake ni kumbukumbu, hamu ya kilichopita. Nilimkumbuka mama yangu Tanga. Jamani, nilicheza!

Nuru nilikuwa nimembeba kifuani. Mama mmoja wa Kihabeshi akanigusa bega, akanionyesha mtoto. Macho yametoka, ngumi kakunja, kimya. Mimi nilidhani anafurahia! Tulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye spika. Yule mama akatoa kwenye mkoba vile vifuniko vikubwa vya masikio vya watoto, akamvalisha mwanangu. Hakunisema hata neno moja. Niliona aibu, maana haya ndiyo ninayowafundisha wenzangu kila siku.

Sasa sikia, mama. Kwa mtu mzima, sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa 8 hivi. Kila ikipanda desibeli 3, muda unapungua nusu. Ikifika 100, una kama robo saa tu. Mtoto mchanga tundu la sikio lake ni dogo, sauti inambana zaidi, na hawezi kukwambia "mama, naumia". Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena.

Kwa hiyo:
– Kaa mbali na spika, tena usiwe mbele yake.
– Mvalishe vifuniko vya kukaza kichwani. Pamba haisaidii, na vile vidogo vya kuchomeka sikioni vinaweza kumkaba akivitia mdomoni.
– Mpe mapumziko, ondokeni mapema.
– Akilala kwenye kelele, usidhani yuko salama. Sikio halilali.

Usiku ule nilimwita Nuru nikiwa nyuma yake, kwa sauti ya chini. Akageuka. Nikamwita tena, na tena, mpaka baba yake akaniambia, "Inatosha, mke wangu."

Lakini sikuambii ubaki ndani. Baada ya vile vifuniko tulirudi nyuma kabisa, kwenye majani, tukacheza watatu mpaka jua likapungua. Mama naye anahitaji kutoka. Toka, ila toka na masikio ya mwanao.

Sehemu ya 10: spika za harusini. Niandikie, kwenu huwa mnamkalisha wapi mtoto?