Kimondo cha Mbozi na Mwezi

Mtu atokaye Tunduma kwenda Mbeya hufuata barabara kuu pamoja na malori yatokayo Zambia, akapita kati ya mashamba ya kahawa ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe. Akiiacha barabara hiyo na kushika njia ndogo iendayo kijiji cha Ndolezi, hufika kwenye mteremko wa mlima Marengi. Hapo huona kitu cheusi kimelala kama kiboko aliyetoka majini. Urefu wake wapata mita 3, na kimo chake mita 1. Kwa mbali hudhaniwa kuwa jiwe. Walakini katika kila sehemu zake 100, sehemu 90 ni chuma, na karibu 9 ni madini iitwayo nikeli. Uzito wake wakadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16.

Hicho ndicho Kimondo cha Mbozi, kilichoanguka kutoka juu zamani sana, hata hapana masimulizi yaliyosalia ya siku ile. Wenyeji walikijua na kukiheshimu. Mwezi wa Oktoba 1930 mpima ardhi aitwaye W. H. Nott alikiona, na vitabu husema kwamba yeye ndiye aliyekivumbua. Afadhali vingesema kwamba yeye aliwapasha wageni habari zake! Desemba ya mwaka ule ule akaja Dkt. Grantham, mtaalamu wa miamba wa serikali, akitaka kipande cha kuchunguza. Msumeno ulikwenda na kurudi saa 10, na kipande kilichopatikana kilikuwa cha sentimita 10 tu. Tangu 1967 kimondo hiki kimelindwa kwa sheria.

Lakini chuma kingi namna hii kilipatikanaje huko angani?

Wahunzi wa Wanyiha walijua tangu kale kwamba mawe ya chuma yakitiwa katika tanuru, moto huyatenga: chuma mbali, na mavi ya chuma mbali. Mambo ya namna hiyo yalitokea katika sayari zilipokuwa changa. Zilikuwa na joto jingi hata zikayeyuka. Chuma, kwa kuwa ni kizito, kikazama katikati, na mwamba ulio mwepesi ukabaki juu. Ndiyo sababu Dunia yetu ina moyo wa chuma. Sayari nyingine ndogo ziligongana zikavunjika, na vipande vya mioyo yao vikatawanyika angani. Vimondo vingi vya chuma ni vipande hivyo.

Sasa mwezi una ajabu yake. U jirani yetu, mwendo wa kilometa 384,000 tu, lakini ndani yake chuma ni haba. Wataalamu wengi wasema kwamba yapata miaka milioni 4,500 iliyopita, sayari yenye ukubwa kama wa Mirihi iliigonga Dunia. Chuma chake kikazama kikaungana na moyo wa Dunia, bali mwamba wa juu ukarushwa angani, ukiwa moto na umeyeyuka, ukakusanyika ukawa mwezi. Hapana aliyekuwapo kuona. Mashahidi ni mawe. Kati ya 1969 na 1972 Wamarekani walitua mwezini mara 6, wakarudi na kilo 382 za mawe na vumbi. Mawe yale yalipochunguzwa yalionekana kufanana sana na miamba ya Dunia, kama ndugu wa tumbo moja. Jinsi mgongano wenyewe ulivyokuwa, wataalamu wangali wakibishana, na ni vema wabishane.

Zile sehemu nyeupe za mwezi ni mwamba mwepesi ulioelea juu wakati mwezi ulipokuwa umeyeyuka, kama utandu juu ya maziwa. Yale madoa meusi ni mabonde mapana yaliyojaa mwamba wa moto uliotoka chini ukaganda, wa jinsi moja na mwamba mweusi uliomwagwa na milima ya moto ya Rungwe.

Tena uso wote wa mwezi una makovu ya duara, makubwa kwa madogo, yaliyofanywa na vimondo. Huko hakuna mvua wala upepo, kwa hiyo kovu la miaka milioni 3,000 laonekana hata leo. Dunia nayo ilipigwa vivyo hivyo; lakini mvua za masika, mizizi ya miti na mito hufuta alama nyingi. Huko Ndolezi mtu hutafuta bure shimo la kuanguka kwa kimondo. Hapo kwanza ilionekana sehemu yake ya juu tu, nyingine ilifunikwa na udongo. Watu wakachimba pande zote, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, kisha wakaiimarisha kwa saruji. Shimo lililopo ni hilo la majembe.