Motokaa Kuukuu ya Baba

Mwajua ya kuwa watu wa kila nchi wana michezo yao ya kupumzikia baada ya kazi. Wengine hufuga njiwa, wengine hupanda maua, wengine huketi barazani wakacheza bao hata jua likachwa. Sisi tuandikao haya twafundisha darasa la tano na la sita karibu na Muheza, na mchezo wetu ni kufufua motokaa kuukuu. Twajua wako watakaocheka, maana katika vijiji vyetu motokaa mbovu ni msiba wala si mchezo. Hata sisi twakiri ya kuwa mchezo huu umetugharimu, tena si fedha tu, na hayo tutayaeleza bila kuficha.

Huko Uingereza mchezo huu ni wa siku nyingi. Tarehe 14 Novemba 1896 wenye motokaa walifanya safari ya furaha kutoka London mpaka Brighton, kwa kuwa sheria mpya ilikuwa imeondoa amri ya mtu kutembea kwa miguu mbele ya kila motokaa, ikaruhusu mwendo wa maili 14 kwa saa. Mwaka 1927 safari ile ilirudiwa kwa ukumbusho, nayo ikawa desturi. Motokaa zilizoundwa kabla ya 1905 huondoka London alfajiri mwezi wa Novemba, nyingine zikitoa moshi kama tanuri la chokaa, zikashuka mpaka pwani. Jirani zetu wa Nairobi nao wana mashindano yao tangu 1970, ambapo waamuzi hutazama rangi, viti, injini, hata uvungu wa gari. Sisi hatuna gari la kupeleka mbele ya waamuzi. Tunayo Land Rover moja tu, nayo ilikuwa ya marehemu baba yetu.

Yafaa tueleze kidogo asili ya gari hili. Baada ya vita kuu ya pili, Bwana Maurice Wilks, mkubwa wa uhandisi katika kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, akitumia huko gari la jeshi la Kimarekani lililosalia vitani. Akaona ya kuwa wakulima wanahitaji chombo cha namna ile. Land Rover ikaonyeshwa kwa watu mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Chuma kilikuwa adimu siku zile, kwa hiyo bodi yake iliundwa kwa mchanganyiko wa alumini, na chuma kikatumika hasa kwa mifupa ya chini, ambayo mafundi huiita chesisi.

Yetu iliundwa mwaka 1968. Baba aliinunua mwaka 1991 kwa shamba moja la katani alikokuwa dereva, nayo hata siku ile ilikuwa imechoka. Aliitumia miaka ishirini na zaidi kupeleka machungwa Tanga, kuchukua wagonjwa usiku, na kubeba maharusi waliojifanya hawaoni magunia nyuma yao. Baba alipofariki mwaka 2014, gari likaegeshwa chini ya mwembe. Kuku wakapata mahali pa kutagia.

Ikawa mwaka 2021, baada ya Pasaka, alikuja mnunuzi wa chuma chakavu, akatoa shilingi laki tisa. Kaka yetu mkubwa alisema liuzwe, fedha zigawanywe. Dada zetu walikubali. Sisi peke yetu tulikataa, wala hatukuwa na hoja ya maana. Tulisema tu ya kuwa tutalitengeneza, nasi siku ile hatukujua hata kufungua boneti. Mama alitutazama sote, akasema, "Mpeni mdogo wenu mwaka mmoja, mpaka Pasaka ijayo. Likitembea, litembee. Lisipotembea, liuzwe, wala nisisikie neno tena juu ya bati hili."

Tulikwenda kwa fundi mmoja mzee aliyestaafu kazi ya gereji Tanga. Tukampigia hodi, "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, Mwalimu. Umeleta spana gani?" Tukamwonyesha kwa majivuno seti mpya tuliyonunua. Akachukua spana ya 13, akaivika kwenye nati ya gari letu, akaichezesha. "Hii imekaa?" Tukasema imekaa. "Haikukaa. Nati hii ni ya nusu inchi." Nusu inchi ni milimita 12.7. Pengo la sehemu tatu za kumi za milimita ni dogo mno kwa jicho, lakini mtu akikaza kwa nguvu, pembe za nati humomonyoka, ikawa duara, na hapo hakuna spana itakayoifungua tena. Sisi tunaofundisha desimali miaka yote hatukuwahi kuona desimali yenye uchungu kama ile. Ilitubidi kutafuta spana za inchi katika masanduku ya wazee.

Injini ilikuwa imeshikana kwa kutu, maana maji ya mvua yalikuwa yamepenya kwenye silinda. Fundi akatukataza kutumia nguvu. Tulitoa plagi zote nne, tukamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya injini katika kila tundu, tukaondoka. Kila jioni baada ya kusahihisha madaftari tulikwenda kuongeza kidogo, kisha tukaingiza ule mpini wa kuzungushia injini kwa mbele, tukausukuma taratibu huku na huku. Siku kumi na nane hapakutokea neno. Siku ya kumi na tisa mpini ulisogea upana wa kidole kimoja. Twaona haya kuandika jinsi tulivyopiga kelele. Wanafunzi waliokuwa wakiteka maji walikimbilia wakidhani tumeumwa na nyoka.

Mpini ule una adabu yake. Mtu ameze mate, aukamate na kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, wala asikizungushe upande wa pili. Injini ikirudi nyuma ghafula, gumba lililozunguka mpini huvunjika. Fundi alituonyesha gumba lake mwenyewe, nasi hatukuuliza zaidi.

Kisha palikuwa na mambo ya moto wa plagi. Ndani ya distributa mna vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana, na nafasi kati yao haina budi kuwa yapata milimita 0.4. Tulivisafisha, tukapima, yote yakawa sawa. Ndipo tukafunga nyaya za plagi, nasi kwa werevu wetu wa shule tulizifunga 1, 2, 3, 4. Tulipozungusha, gari likapiga chafya kubwa kwa njia ya kabureta, na moshi ukatufunika uso. Fundi alikuwa ameketi juu ya kinu akitazama. Akasema, "Mwalimu, silinda hazijui kuhesabu. Hizi huwaka 1, 3, 4, 2." Tukabadili nyaya. Mara ya tano kuzungusha, injini ikanguruma, kuku wote wakaruka, na mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakusema kitu. Alisimama pale mpaka injini ilipozimika yenyewe, akarudi jikoni.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa chini. Chesisi ya gari hili ni kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Matope na maji huingia yakakaa humo, na kutu huila kutoka ndani, huku nje rangi ikionekana nzima. Fundi aligonga kila mahali kwa nyundo ndogo. Palipo pazima palilia kama kengele, na palipokufa palitoa sauti ya mkebe. Sehemu mbili zilibidi kukatwa na kuchomelewa chuma kipya. Na ile alumini isemwayo kuwa haishiki kutu, ni kweli haitoi kutu nyekundu, lakini mahali inapogusana na chuma kwenye unyevu, huliwa ikageuka unga mweupe kama chokaa. Chini ya milango tuliufagia unga huo kwa mkono.

Sasa tutaje kosa letu. Mwezi wa Desemba, wakati wa likizo, fundi akiwa safarini, tulijiambia ya kuwa gari linalofufuka halina budi kupendeza. Tukanunua msasa na kopo la rangi, tukaanza na upande wa ndani wa mlango wa dereva, uliokuwa na madoa mengi ya rangi nyeupe. Tukasugua asubuhi nzima. Fundi aliporudi alichungulia, akauliza kwa upole, "Mwalimu, unafuta nini?" Tukatazama vizuri. Madoa yale yalikuwa maandishi ya baba. Kila alipobadili mafuta ya injini aliandika kwa brashi tarehe na jambo lililotokea, mstari chini ya mstari, herufi zake zile za kulala kushoto. Miaka ya 1991 hata 1998 tulikuwa tumeifuta yote. Iliyosalia ilianza 1999. Mstari mmoja wasema: "12/8/03 mafuta, breki ya nyuma, machungwa yameoza."

Tulimwendea mama, tukamweleza. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Alikuwa akiandika hapo kwa sababu karatasi zake mlikuwa mkizichukua kutengeneza tiara."

Baadaye tulisoma habari iliyotuchoma zaidi. Mwezi wa Januari 2018 kampuni iundayo Land Rover ilitangaza ya kuwa imepata moja ya gari zile zilizoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Lilikuwa limelala bustanini kwa mtu, si mbali na Solihull ambako liliundwa. Kampuni yenye mafundi wa kila namna na rangi za kila namna iliazimia kuyahifadhi makovu ya gari lile pamoja na rangi yake ya kwanza ya kijani hafifu. Nao wangaliweza kulipaka rangi likang'aa kama jipya! Tangu hapo twaona ya kuwa katika mchezo huu ziko kazi mbili zisizofanana. Breki, usukani, chesisi na nyaya ni lazima viwe vizima kama siku vilipotoka kiwandani, maana hapo pana roho za watu, wala pasiwe na huruma kwa kitu cha zamani. Lakini ngozi ya gari, yaani mikwaruzo, maandishi na mahali mikono ya watu ilipolamba rangi, hiyo ikishafutwa haiuzwi katika duka lolote. Wako wapenzi wa motokaa wasiokubaliana nasi, nao wana haki yao. Sisi kopo letu la rangi tulilirudisha dukani; mwenye duka alikataa kurudisha fedha.

Kosa la pili ni zito kuliko la kwanza. Ilipofika mwezi wa Machi 2022 gari lilikuwa na injini lakini halina breki. Mipira ya ndani ya breki ilikuwa imekauka, na pistoni ndogo za magurudumu zilikuwa zimeshikana. Vifaa vilipatikana Tanga kwa bei iliyotushinda. Nyumbani palikuwa na fedha za mabati kumi na mawili ya jiko, alizozikusanya mwenzetu kwa kuuza maandazi. Tulizichukua bila kumwambia. Tulijidanganya ya kuwa twaazima, nasi tulijua wazi ya kuwa mwezi ule hatuna mahali pa kuzirudishia. Masika ikaanza. Usiku mmoja mvua ilizima moto jikoni, naye akaenda sandukuni kuhesabu fedha zake. Aliporudi alisema maneno machache tu: "Baba watoto, ungeniuliza." Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatulijui jibu.

Juma moja kabla ya Pasaka tulitoa hewa yote katika mabomba ya breki, fundi akikanyaga na sisi tukifungua, mpaka mikono ikavimba. Ndipo gari likatoka chini ya mwembe kwa nguvu zake lenyewe, likafika barabarani, likasimama tulipolitaka lisimame, ila lilivuta kidogo kushoto. Kaka yetu alikuwapo. Alilizunguka mara mbili, akapiga teke gurudumu, akasema lina kelele. Majuma mawili baadaye akatuma mtoto kuuliza kama litapatikana siku ya gulio kupeleka machungwa yake. Tulimpelekea. Petroli hakuilipa.

Chini ya mstari wa mwisho wa baba tumeandika wetu kwa brashi: tarehe, na neno mafuta. Herufi zetu ni nzuri kuliko zake, kama ipasavyo mwalimu, lakini rangi yetu imeanza kubanduka na yake bado.

Mabati ya jiko yalipatikana mwezi wa Oktoba, kwa mshahara wa miezi mitatu tuliouweka kidogo kidogo mikononi mwake yeye mwenyewe. Tuliyaleta kutoka Muheza kwa Land Rover ile ile, mvua ya vuli ikitunyeshea njia nzima. Mwenzetu aliketi mbele, naye tangu dukani hakusema neno. Tulipokaribia nyumbani akapangusa kioo kwa ncha ya kanga yake, akauliza ni lini tutatengeneza kifuta mvua cha upande wake.